Kimya cha Annah Nakhumicha

Annah Nakhumicha alikuja Nairobi katikati ya mwaka 2006, baada ya kumzika mwanawe Tobias, aliyegongwa na lori karibu na Webuye. Binti yake Naliaka ndiye aliyemfuata Kimilili na kumsihi aje akae naye, angalau msiba upoe kidogo. Annah alikubali, ila hangelala ndani ya nyumba ya mkwewe. Kwao mama mkwe hafanyi hivyo, hata kama mkwe mwenyewe, Mbuthia, alikuwa Mkikuyu wa Limuru asiyejali sana mambo hayo. Basi akapewa kile chumba cha nyuma ambacho nyumba nyingi za mtaa wao wa Muthangari huwa nacho kwa ajili ya mfanyakazi. Naliaka alikipaka rangi upya, akaweka pazia la maua.

Huko Kimilili watu walimjua Annah kwa kuomba. Alikuwa wa kanisa la Marafiki tangu kuzaliwa, na mtu akiugua, akifiwa au akipeleka mtoto chuoni, aliitwa yeye. Alisimama, akafumba macho, na maneno yakatoka kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni mdomoni tangu alfajiri. Watu wazima walilia. Naliaka alipokuwa msichana alikuwa akiona aibu kidogo kwa urefu wa sala zile, hasa chakula kikiwa mezani kinapoa. Alipokuja kuishi mjini ndipo alipogundua kwamba hakuna mtu mwingine aliyeomba hivyo.

Jumamosi moja asubuhi alimpelekea mama yake chai. Alimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba chake, ameelekea ua wa miiba ya kaiyaba, mikono juu ya mapaja. Macho yalikuwa wazi nusu. Naliaka alimsalimu, hakujibiwa. Akamwita tena kwa sauti, kisha akaweka kikombe chini na kumshika bega, maana alidhani ni kiharusi.

"Niko hapa," Annah akasema, bila kugeuka.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nimekaa."

Alichukua chai akanywa, akauliza kama Ciru ameamka. Mambo yakaonekana ya kawaida. Lakini kesho yake ilikuwa vilevile, na siku zilizofuata, kila asubuhi mpaka jua linapopanda juu ya paa la jirani. Ciru, binti wa Naliaka aliyekuwa darasa la tatu, alisema kukhu, yaani bibi yake, huwa hivyo kila siku na yeye amezoea, humwekea ndizi karibu na mguu akienda shule. Naliaka hakujua aanze kuogopa au aache.

Mbuthia aliogopa kwa niaba yake. Shangazi yake alianza hivyohivyo, akisema kidogo na kutazama ukuta, na kabla ya mwaka kuisha hakujua watoto wake. Akashauri Annah apelekwe kwa daktari. Hakumwambia Annah mwenyewe, kwa heshima. Yeye na mama mkwe wake walisalimiana kwa mbali tu, kila mmoja akiangalia pembeni, na ujumbe wowote ulipitia kwa Naliaka.

Daktari wa Westlands alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpima Annah presha, akamulika macho, akamuuliza ni mwezi gani na mbunge wa kwao ni nani. Annah alimtajia mbunge na kumweleza pia barabara ambayo mbunge huyo alikuwa ameahidi kuitengeneza. Daktari alicheka, akasema hana ugonjwa wowote, presha yake ni nzuri kuliko ya binti yake. Alipoelezwa habari ya kukaa asubuhi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiyo ni meditesheni, akasema; mama aendelee. Kisha akatafuta neno la Kiswahili, akasema ni kutafakari.

Naliaka alitoka pale akiwa na neno ambalo hakujua alifanyie nini. Kutafakari ni kuwaza juu ya jambo. Jambo gani? Ndani ya teksi, kwenye msongamano wa Waiyaki Way, alimuuliza mama yake huwa anatafakari nini. Annah alikuwa akitazama jengo jipya lililokuwa bado limezungukwa na mbao za mafundi. Alisema yule daktari ana mikono baridi.

Neno lile lilimsumbua Mbuthia kuliko ugonjwa. Mchungaji wake alikuwa amewahi kuhubiri kwamba mtu akiacha kichwa chake wazi, chochote kinaweza kuingia. Na hapo mbele ya kiwanja chao, katika nyumba kubwa, aliishi mwenye nyumba wao, mjane wa Kihindi aliyeitwa Hansaben, ambaye Annah alikuwa amezoea kuketi naye barazani nyakati za alasiri wakichambua mchele na dengu. Mbuthia hakuwa na chuki na mtu. Alitaka tu kujua kama mama amefundishwa dini nyingine bila wao kujua.

Naliaka alienda kwa Hansaben akiwa amejiandaa kwa maneno ya adabu. Hakuyahitaji. Hansaben alishangaa.

"Mimi hapana fundisha yeye," alisema. "Mimi nakuta yeye nakaa. Mimi nafikiri yeye ana mwalimu."

Akamkaribisha, akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi, na kwa muda mrefu akazungumza. Bibi yake kule Jamnagar, India, aliketi kila alfajiri mbele ya taa, akifuata pumzi yake na kutaja jina la Mungu kimoyomoyo. Huyo alifundishwa na bibi yake, na hivyo kurudi nyuma hadi kwa wazee waliokaa misituni kabla vitabu havijaandikwa. Alisimulia juu ya mtoto wa mfalme aliyeacha nyumba ya baba yake akaenda kuketi chini ya mti mpaka akaelewa kwa nini watu huteseka, na jinsi wafuasi wake walivyovuka milima kwa miguu wakaipeleka habari hiyo China, na wengine wakaivusha bahari hadi Japani. Kila mahali watu walibadilisha kidogo, alisema, kama chapati: ya kwenu ina mafuta na tabaka, ya kwetu ni nyembamba na kavu, lakini unga ni uleule.

Kilichomshangaza Hansaben ni kwamba Annah hakutikisika. Yeye mwenyewe, baada ya maisha yote, mguu bado ulimuuma. Siku hizi alikuwa akitazama kupitia dirisha la jikoni, na Annah akikaa, naye anakaa.

Kwa hiyo anayefundishwa ni Hansaben, Naliaka akawaza akirudi nyumbani, na hakujua amwambie nini mumewe.

Naliaka alifanya kazi katika ofisi ya bima Moi Avenue, na meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya Fahmy, mhasibu kutoka Lamu. Saa ya chai alimweleza, nusu kwa mzaha. Fahmy hakuuchukulia mzaha. Babu yake alikuwa mtu wa dhikri. Wanaume walikaa duara msikitini wakirudia majina ya Mwenyezi Mungu mpaka majina yakashuka kutoka ulimini yakaingia moyoni. Baadhi yao, waliokwenda mbali katika njia hiyo, hawakusema tena. Walikaa wakiuchunga moyo kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Jambo hilo lilikuwa na jina lake, muraqaba, na babu yake alisema limetoka kwa watu wa Baghdad na Basra, miaka mingi nyuma. Sasa Fahmy akataka kujua.

"Mamako hutaja jina gani?"

"Hataji kitu. Nimemuuliza."

"Basi ameshika nini? Mtu hawezi kukaa hivi hivi tu."

Alirudi kwenye kikokotoo chake. Baada ya muda akainua kichwa na kusema labda inawezekana, yeye hakusoma sana, atamuuliza ami yake.

Saa ya chakula cha mchana Naliaka alivuka mji hadi maktaba ya McMillan, akaomba ensaiklopidia. Alisoma akiwa amesahau njaa. Alikuta watawa wa Kikristo wa zamani kabisa waliokwenda kuishi katika jangwa la Misri, Afrika hii hii, wakirudia sentensi moja fupi kutwa nzima wakisuka mikeka. Alikuta Wayahudi waliotazama herufi za Maandiko mpaka zikaanza kusogea. Alikuta Wachina waliojifunza kukaa na kusahau. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kupotea, kwa sababu hawakukubaliana. Mmoja alisema ondoa kila kitu kichwani, mwingine akasema jaza kichwa kwa neno moja. Wengine walifumba macho. Wengine, kule Japani, waliyaacha nusu wazi wakatazama ukuta. Mama yake alitazama kaiyaba. Hakuna aliyeandika habari za kaiyaba.

Kisha, katika ukurasa ambao hakuutafuta, akakuta Marafiki. Kanisa lake mwenyewe. Kitabu kilisema kwamba Marafiki wa kwanza kule Uingereza, katika miaka ya elfu moja mia sita na kitu, walikutana katika chumba kitupu, bila wimbo, bila mhubiri, wakakaa kimya wakimngoja Mungu mpaka mmoja wao asukumwe kusema. Wakati mwingine hakusukumwa mtu, na wote wakarudi nyumbani bila neno hata moja. Naliaka alisoma mara mbili. Kanisa la Marafiki alilolijua yeye lilikuwa na ngoma, kwaya za sare na kipaza sauti kilichosikika hadi sokoni. Mbele kidogo akaona sababu: wamishonari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka tawi la Marekani ambalo tayari lilikuwa na nyimbo na wachungaji. Kimya kilibaki njiani.

Alirudisha kitabu akiwa hajui kama mama yake alikuwa ameleta kitu kigeni nyumbani, au alikuwa ameokota kitu ambacho watu wake wenyewe walikiangusha.

Jumapili alimtafuta Mzee Zadock, mwalimu mstaafu aliyekuwa kiongozi katika kanisa lao la Nairobi. Zadock aliijua historia hiyo vizuri. Alipokuwa mwanafunzi ng'ambo aliwahi kuhudhuria mkutano wa kimya, akaona baridi, akalala usingizi. Lakini sasa, akisikia kwamba Annah Nakhumicha, yule wa sala, amenyamaza, macho yake yalilowa. Alisema mama amerudi kwenye chemchemi. Akaomba aje Jumapili inayofuata, baada ya ibada, akae na wachache wanaotaka kujifunza.

Naliaka alimfikishia mama yake ombi hilo.

"Wanataka nini kwangu?" Annah akauliza.

"Wanataka ukae tu."

Annah akasema ikiwa ni kukaa tu, sawa.

Wachache hawakuwa wachache. Habari ilikuwa imeenea kwamba Annah wa Kimilili yupo Nairobi, na akina mama waliotoka Lugulu, Kamukuywa na Chwele walijaza kile chumba cha pembeni, wengine wakaketi wawili wawili kwenye viti vya plastiki. Mzee Zadock alizungumza juu ya kimya kwa muda mrefu. Kisha akaketi, na wote wakanyamaza.

Kilikuwa kimya chenye kelele nyingi. Viti vililia. Simu ya mtu iliimba ndani ya mkoba na mwenyewe akahangaika kuitafuta. Mama mmoja alipumua kwa nguvu, mwingine akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Annah alikuwa mbele, mikono mapajani, na Naliaka aliona vidole vyake vimekaza. Nyuma kabisa mtu akaanzisha wimbo wa Kibukusu, polepole, pengine kwa sababu hakuweza kuvumilia zaidi. Wengine wakaupokea. Makofi yakaingia. Zadock aliinua mkono kama anayetaka kuzuia, kisha akaushusha na kuimba nao.

Wimbo ulipoisha, wote waliinamisha vichwa. Walijua kinachofuata baada ya wimbo, Annah akiwepo. Walingoja. Annah alisimama, akafungua mdomo. Naliaka, aliyekuwa amejaa furaha bila kujua kwa nini, alifumba macho kusikiliza. Hakusikia kitu. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amechukua mkoba wake na kutoka.

Alimkuta nje karibu na bomba la maji, akinawa uso.

"Mama, pole. Sikujua watakuwa wengi hivyo."

"Si wingi wao." Annah alijifuta kwa ncha ya leso. "Umewaambia watu mimi ninafanya kitu. Sifanyi kitu. Maneno yaliniishia."

Naliaka hakuelewa. Annah akamwambia, bila haraka. Siku ya maziko, pale kaburini, mchungaji alimwita aombee mwanawe. Alifungua mdomo na hapakuwa na neno, hata moja. Kwaya ikadakia, watu wakadhani ni uchungu. Yeye pia alidhani ni uchungu, kwamba kesho yatarudi. Hayakurudi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, saa ile aliyozoea kuomba, huketi akingoja.

"Na huwa kunakuja nini?"

"Hakuna. Nikichoka naamka."

"Lakini hiyo ni sala, Mama. Marafiki wa kwanza walifanya hivyo. Na wale watawa wa jangwani, na..." Naliaka alijikuta akimweleza yote, Misri, Baghdad, Jamnagar, ukuta wa Wajapani, amesimama kwenye matope ya bomba na viatu vyake vya Jumapili. Annah alisikiliza kwa makini, kama alivyomsikiliza zamani akisoma ripoti ya shule.

"Hao wa jangwani," akauliza mwishowe, "walikuwa wamefiwa?"

"Kitabu hakikusema."

"Kama walikwenda wenyewe ni kitu kingine. Mimi sikwenda." Akafunga mkoba wake. "Labda ni sala. Labda nimeacha kuomba na sijijui. Mimi sijui, Naliaka. Wewe uliyesoma ungejua ungeniambia."

Naliaka hakujua. Alitaka sana kusema ndiyo, ni sala, lakini mama yake hakuwa mtu wa kudanganywa juu ya jambo hilo. Wakasimama pale mpaka Mzee Zadock alipotoka, uso umemshuka, akiomba msamaha na kuuliza kama wiki ijayo wangejaribu bila wimbo.

Jioni alimweleza Mbuthia. Mbuthia alikuwa ameshamwambia mchungaji wake kuhusu Wahindi na mafundisho yao, na sasa hakujua aende kusema nini. Kesho yake kabla ya kwenda kazini alibeba kiti kizuri cha sebuleni, chenye mto wa mgongo, akakiweka karibu na mlango wa mama mkwe wake na kuondoka bila kubisha. Annah aliendelea na kigoda chake. Kile kiti alikitumia kuanikia nguo.

Jumamosi moja Naliaka alichukua ndoo, akaipindua, akaketi kando ya mama yake. Hakuuliza chochote. Aliwaza sukuma wiki zilizokuwa zinanyauka, sare ya Ciru, mafaili mezani kwake. Aliwaza Tobias akiwa mdogo, amepanda juu ya mgongo wa fahali na kukataa kushuka, na hapo akaacha kuwaza kwa kitambo, au alidhani ameacha. Mguu ulikufa ganzi. Dirishani aliona kichwa cheupe cha Hansaben, hakitikisiki. Mama yake alipoinuka, Naliaka hakujisikia amepata amani, wala hakujisikia amepoteza muda. Alijisikia ana njaa. Akaenda kupika.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, Annah alirudi Kimilili kwa sababu mvua ilikuwa imekaribia na shamba haliwezi kupandwa na watu wa kukodi peke yao. Hansaben alimpa mfuko wa dengu na akalia waziwazi. Pale kanisani, akina mama wachache walibaki wakikutana katika chumba cha pembeni, na Zadock alimpigia Naliaka simu mara kwa mara kuuliza kama wafumbe macho au wayaache wazi, na kama mtu akisinzia ni kosa. Naliaka alimwambia hajui. Fahmy alileta jibu la ami yake, lakini lilikuwa refu na lenye Kiarabu kingi, na mwishowe yeye mwenyewe alikiri hakulielewa.

Mwezi wa Mei Naliaka alimpigia mama yake. Waliongea juu ya mahindi, juu ya shingo ya Ciru iliyovimba ikapona, juu ya ng'ombe mpya mkorofi. Kisha akauliza kama bado anakaa asubuhi. Annah akasema ndiyo, ila sasa anaelekea zizi.

"Na maneno?"

"Yalikuja juzi," Annah akasema. "Kidogo tu. Nilikuwa nafunga yule ng'ombe."

"Yalisema nini, Mama?"

"Sikuyashika. Nilikuwa nimeshika kamba."

Naliaka alisimama kwenye ngazi za ofisi, watu wakimpita kwenda chakula cha mchana, asijue afurahi au asikitike. Akamuuliza kama ng'ombe alitulia. Mama yake akasema bado, anapiga teke, lakini ana maziwa.